Kifua cha Kuazima

Binti yangu tulimzika asubuhi, na mchana nikawa nimeketi kwenye benchi nje ya wodi ya watoto njiti, mfuko wa nepi mapajani. Watu walinitazama wakingoja nianguke. Sikuanguka. Nilikaa tu kama gunia lililosahauliwa stoo. Mtu akinisalimia, naitika. Akinipa maji, nakunywa. Lakini ungeniuliza maji yalikuwa ya baridi au ya moto, nisingejua.

Ndani mlikuwa na mtoto. Wa kike. Alikuja kabla ya wakati wake, na mama yake akabaki njiani. Mkwe wangu ni mchomeleaji vyuma, mtu wa mikono mikubwa, na alipoonyeshwa mwanawe mara ya kwanza kupitia kioo alimwuliza nesi, "Huyu ndiye mzima mzima?"

"Ndiye huyo," nesi akasema. "Mzima mzima."

Mkwe akakaa sakafuni palepale.

Manesi walimwita Ngumi, kwa sababu alilala amekunja kiganja kimoja kama mtu aliyechokozwa. Jina lenyewe hatukuwa tumempa. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu za kutafuta jina.

Ngumi alilazwa kwenye mashine ya joto, ile ambayo wengine huiita chupa, yeye na wenzake wawili, wamepangwa kama mikate. Mashine zilikuwa chache, watoto wengi. Umeme ukikatika, jenereta hukohoa kwanza, ikafikiri, ndipo ikawaka. Watoto wa wenzetu walikuwa na mama zao. Mama anaingia, ananyonyesha, anamshika mtoto kidogo, anatoka. Ngumi hakuwa na wa kuingia. Daktari alituita mimi na mkwe, akatuambia bila kuzunguka.

"Mtoto anapoa. Kila tunachomlisha anakitumia kujipasha joto, hakibaki cha kumkuza. Akiendelea hivi, hatutakuwa naye."

Mkwe akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vya daktari. Vilikuwa na vumbi kwenye ncha.

Nikaenda mlangoni nikabisha. Mlango ule ulikuwa chini ya mkuu wa wodi. Alikuwa mama mnene, mtulivu, wa miaka mingi kazini, na manesi wadogo walimwita Mama Komeo akiwa hayupo. Akiwa yupo walimwita Sista Mkuu na kunyoosha migongo.

"Wewe ni mama wa mtoto?" akaniuliza.

"Mimi ni bibi yake. Mama yake tumemzika leo."

Uso wake ulilegea, hilo nililiona. "Pole sana, mama yangu. Pole." Halafu mkono wake ukabaki pale pale kwenye kitasa. "Humu wanaingia mama tu. Bibi anakaa nje."

Nikarudi kwenye benchi. Sikukasirika. Hasira inataka moto, na mimi nilikuwa majivu.

Pale kwenye benchi ndipo dada mmoja aliponikuta. Alikuwa nesi, lakini si wa wodi ile. Mwembamba, mkoba mkubwa begani, na ndani ya mkoba kichwa cha mwanasesere wa kitambaa kikichungulia. Alinisalimia vizuri, kwa adabu, akaomba kukaa.

"Bibi, mimi nipo hapa kwa mafunzo."

"Ya unesi?"

"Hapana, unesi ninao. Ninajifunza uwezeshaji." Aliona sikuelewa. "Kuna watu wanafanya utafiti, bibi. Wanalinganisha: watoto hawa wametunzwa hivi, wale vile, nani amepona zaidi. Wanaandika. Lakini yale wanayoandika yanakaa kwenye makaratasi, na huku wodini watu wanaendelea na walichozoea. Sisi tunafundishwa jinsi ya kuyatoa kule na kuyaleta huku."

"Kama mchukuzi."

Akacheka kidogo. "Kama mchukuzi, ndiyo. Ila mzigo wenyewe watu hawautaki."

Akaniambia mzigo wake. Mtoto njiti akiwekwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, akafungwa pale kwa kitambaa na kukaa hapo mchana kutwa na usiku, anashika joto na kukua kuliko akiachwa kwenye mashine. Mama akiwa hayupo, ndugu anaweza. Tafiti zimefanyika nchi nyingi. Yeye amepewa wodi hii, na ikifika Ijumaa kutakuwa na kikao: mkuu wa wodi aseme kama mlango utafunguliwa kwa asiyekuwa mama, au hapana. Yeye akishindwa kumshawishi, hatafaulu mafunzo.

"Na mjukuu wangu?" nikauliza.

 Nadhani mpaka hapo alikuwa anaifikiria Ijumaa kama mtihani wake. Akautazama mlango, akanitazama mimi, halafu akamsukuma mwanasesere ndani ya mkoba kichwa kisionekane.

*

Somo lake la kwanza nililiona kupitia kioo. Aliwakusanya manesi wakati wa kubadilishana zamu, akamfunga mwanasesere kifuani, akatembea naye huku na huku akieleza. Aliongea sana. Ukutani alikuwa amebandika michoro ya mistari inayopanda. Manesi walikula biskuti alizoleta na kutikisa vichwa. Mmoja, mcheshi wa wodi, msichana mwenye mwanya, aliinua mkono.

"Sista, huyo wako anapumua vizuri, hana mipira puani, halii. Tuletee wote wa namna hiyo."

Wakacheka mpaka Mama Komeo naye akatabasamu. Biskuti zikaisha, wakatawanyika, kila mtu akarudi kwenye mashine yake. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Ngumi alikuwa palepale katikati ya wenzake, miguu imekuwa na rangi ya majivu.

Dada akatoka, akakaa kando yangu. Nyuma yake akaja mzee mfupi, suruali imepanda juu ya vifundo, mikono mgongoni. Huyo ndiye alikuwa mkufunzi wake. Kumbe alikuwa amekaa kwenye kona muda wote na sikumwona.

"Umewaambia," mzee akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Kila kitu."

"Umewauliza?"

"Kuwauliza nini?"

 Mzee akaenda zake kununua chai. Nilimwona mtu wa ajabu, mwalimu asiyefundisha, lakini nami sikuwa na nguvu ya kushangaa kwa muda mrefu.

Tangu hapo dada akaanza kuuliza. Lo! Akauliza mpaka ikawa kero. Nesi anabadilisha nepi: mnaonaje? Nesi anapima dawa: mnaonaje? Wakampa jina la Sista Mnaonaje. Yule mwenye mwanya akimwona anakuja alisema kwa sauti, "Jamani, nataka kwenda chooni, mnaonaje?" Yeye hakununa. Alicheka nao, akavaa aproni, akasaidia kuosha vikombe vya kulishia. Na kuuliza kwake kukaanza kuzaa. Wakamwambia kwamba viti vyenyewe hamna, kuna stuli za plastiki tu, na hakuna anayeweza kukaa kwenye stuli siku nzima na mtoto kifuani bila kiuno kukatika. Wakamwambia hakuna pazia, na mama kukaa kifua wazi mbele ya madaktari wa kiume si jambo dogo. Hayo hayakuwamo kwenye michoro yake.

Sinki ya kunawia ilikuwa pale mlangoni, hatua chache kutoka benchi langu. Siku moja walisimama hapo wawili, yeye na Mama Komeo, wanaosha vikombe. Walinisahau. Mtu akikaa sana mahali anageuka kuwa ukuta.

"Sista Mkuu," dada akasema, "hii sheria ya mama tu, nani aliiweka?"

"Mimi."

 Maji yanamwagika. Nilidhani atauliza tena, lakini alisuuza kikombe tu na kukipanga.

"Zamani tuliwaacha waingie wote," Mama Komeo akasema baadaye. "Shangazi, mjomba, jirani, kila mtu na kikohozi chake. Yakaingia maradhi. Unajua kumfunika mtoto mdogo namna ile? Kitambaa unachotumia ni kidogo kama leso. Nikafunika, nikafunika. Siku nikasema basi, nikafunga mlango, na vifo vikapungua. Wewe unaniletea karatasi zako. Mimi ushahidi wangu ni wale niliowafunika."

Dada akazima bomba. "Hilo sikulijua," akasema. "Nilikuja nikidhani hutaki tu."

"Wengi wanadhani hivyo. Ndio maana wananiita Komeo." Kumbe alijua. "Niambie basi, karatasi zako zinasema nini juu ya kikohozi cha mjomba?"

"Zinasema asiingie kila mtu. Aingie mmoja, yuleyule kila siku, mzima wa mwili, aliyenawa."

Mama Komeo akapangusa mikono taratibu, kidole baada ya kidole. Halafu akageuka akanitazama, na nikajua kwamba hawakuwa wamenisahau.

"Mama yangu, una kikohozi?"

"Sina."

"Una kidonda?"

"Cha kuonekana, sina."

"Mpaka Ijumaa," akamwambia dada. "Mpaka kikao. Huyu peke yake. Mtoto akiugua, nitakuja kwako."

*

Kiti kilitoka chumba cha kumbukumbu. Mwenye mwanya alikibeba kichwani akipita korido anapiga kelele, "Pisheni, kiti cha enzi!" Kilikuwa na mgongo na mikono, kitambaa chake kimechanika upande mmoja. Pazia likatengenezwa kwa shuka na kamba. Nikanawa mpaka viwiko, nikavua blauzi, nikakaa. Wakanitolea Ngumi kwenye mashine wakaniwekea, tumbo lake kwenye kifua changu, kichwa kimegeuzwa upande, wakatufunga pamoja kwa kitambaa kipana.

Wote wakasimama kunitazama. Nadhani walingoja machozi. Nami niliyangoja. Kifua hiki ndicho kilichomlea mama yake. Nikasema moyoni, sasa yatakuja. Hayakuja. Nilihisi uzito mdogo, kama kifurushi cha unga ulichonunua ukakibana kwapani. Nikatazama ukuta. Rangi ilikuwa imebanduka mahali penye umbo la pua.

"Bibi, unajisikiaje?" dada akaniuliza, macho yanang'aa.

"Nimekaa vizuri," nikamjibu.

Siku zikaenda hivyo. Nilifika, nilinawa, nilikaa. Kwa saa za kulisha nesi alikuja na maziwa, akayapitisha kwenye mpira wa puani mtoto akiwa palepale. Umeme ukikatika, mashine zilinyamaza na mama wengine wakakimbilia mlangoni kwa hofu. Mimi na Ngumi tulikuwa hatujui kama umekatika au umerudi. Mkwe alikuja kwenye kioo cha nje baada ya kazi, nami nikivuta pazia kidogo aone kichwa tu, maana mkwe ni mkwe hata wodini. Aliinua kidole gumba. Nami niliinua changu.

Mama mmoja wa kitanda cha jirani, kijana, mwenye mapacha, aliniuliza, "Bibi, unamwimbia nini?"

"Simwimbii."

"Unaongea naye?"

"Siongei naye."

"Sasa mnafanya nini humo ndani?"

"Tunakaa," nikasema. Akacheka akidhani nafanya utani.

Jioni ya Alhamisi dada akaja nyuma ya pazia, akachuchumaa. Alionekana hajalala.

"Bibi, kesho Sista Mkuu atasema kwamba hii ni ya mama tu, kwamba mtu mwingine si sawa. Nataka wakusikie wewe. Useme tu ulivyojisikia. Kwamba ulikuja umevunjika, na ulipomshika mjukuu moyo ukafunguka, majonzi yakapungua. Watu wakisikia hivyo, bibi, wanaelewa kuliko mchoro."

"Niseme moyo ulifunguka?"

"Ndiyo. Kwa maneno yako."

Hayakuwa maneno yangu, lakini yalikuwa mazuri, na yeye alikuwa mtoto mwema aliyetuwekea kiti. Nikasema sawa. Nikauambia ukuta mara kadhaa: nilikuja nimevunjika, nikamshika, moyo ukafunguka. Niliyasema vizuri. Mtu wa nje angeamini.

*

Kikao kilifanyika chumba kidogo chenye friji ya maziwa. Manesi waliegemea kuta. Daktari alikuwepo, viatu vimepigwa kiwi siku hiyo. Mkufunzi alikaa kona yake akitazama panga la feni. Mimi nilipewa kiti changu kilekile, Ngumi amefungwa kifuani chini ya kitambaa, na dada alisimama mbele na michoro yake ya mistari. 

Hakuwahi kufika kwenye mchoro wa pili. Mama Komeo aliinua mkono.

"Mimi sikatai joto," akasema. "Nimeona. Ninachosema, hili ni jambo la mama na mtoto. Mtoto anaijua harufu ya mama yake. Anaujua moyo wake ulivyokuwa ukidunda. Haya ni mapenzi, na mapenzi hayaazimwi. Ukimweka mtu mwingine pale, anashika tu. Leo kwa bibi itafanya kazi, kesho nitaletewa binamu asiyejali, na mtoto atakufa mikononi mwake nami nimemfungulia mlango." Akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu. "Mama yangu, wewe umefiwa. Niambie mwenyewe. Unahisi nini ukimshika huyu?"

Dada akaniangalia, akanitikisia kichwa polepole, kama mwalimu anayemkumbusha mtoto shairi.

Maneno yalikuwa mdomoni, yamepangika. Nikamtazama Mama Komeo. Yule alikuwa amefunika watoto kwa vitambaa vidogo kama leso. Huyo humwambii maneno ya kukariri.

"Sihisi kitu, mwanangu," nikasema.

Feni ilizunguka. Dada akafumba macho.

"Tangu nimzike mama yake sihisi kitu. Nikimshika huyu, sifurahi wala silii. Nilifundishwa kusema moyo wangu umefunguka. Haujafunguka. Nanawa, nakaa, wananifunga naye, basi. Hata kuimba siimbi."

Mwenye mwanya alikuwa na kicheko usoni, kikafa.  Nikajua nimeharibu. Nikafikiria mashine, watoto watatu kama mikate, jenereta inakohoa. Niliyafikiria yote hayo kwa mbali, kama mtu anayesimuliwa habari za kijiji kingine.

Mama Komeo akainuka. Akaenda kwenye sinki ya kona, akanawa, akapangusa. Akaja mpaka kwangu, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akatafuta miguu ya Ngumi. Aliishika yote miwili kwa kiganja kimoja. Alikaa hivyo muda mrefu, ameinama, pumzi yake inanifikia shingoni.

"Ina joto," akasema, kama mtu aliyeonewa. Bila kugeuka akauliza, "Mzani wa leo unasemaje?"

"Umepanda, Sista Mkuu," nesi mmoja akajibu. "Na jana ulipanda."

"Nani aliupima?"

"Wewe mwenyewe."

Dada akafungua mdomo. Niliona anavyotaka kuongea. Tafiti zote zilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, nchi zote, mistari yote inayopanda. Akamtupia jicho mkufunzi. Mzee anatazama feni. Akafunga mdomo. Naweza kusema kwamba sijamwona mtu akifanya kazi ngumu vile amesimama tu.

Mama Komeo alibaki ameshika miguu. "Kwa hiyo si mapenzi," akasema taratibu, kama anaongea na Ngumi.

Akavigusa vidole vya miguu, kimoja kimoja.

"Huyu mama hana kitu ndani, amesema mwenyewe. Hana wimbo, hana furaha. Na mtoto ana joto, na anakua." Akanyooka, akishika kiuno. "Basi ni kifua tu. Kifua anacho kila mtu."

"Hata baba?" akauliza mwenye mwanya.

"Baba hana kifua?"

"Anacho, Sista Mkuu. Ila kina manyoya."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, hata daktari. Mama Komeo hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole mambo yake. "Watu wawili kwa kila mtoto, basi, nao wajulikane sura. Kunawa mbele ya macho yangu. Mwenye kikohozi, nje, hata akiwa mchungaji. Na viti vyenye mgongo, sitaki kuona stuli."

"Kiti cha pili tutakipata wapi?" dada akauliza, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Mnaonaje?"

"Kwa mhasibu," wakajibu watu wawili pamoja. "Kile cha magurudumu."

"Cha magurudumu hapana," Mama Komeo akasema. "Bibi ataondoka nacho."

*

Koridoni nilipita nyuma ya mkufunzi na mwanafunzi wake. Nilikuwa natembea polepole kwa ajili ya mtoto, nesi amenishika kiwiko.

"Yale maneno ya moyo kufunguka," mzee akauliza, "ulimpa wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Usirudie tena."

"Sitarudia."

Wakaenda kidogo. "Lakini ulinyamaza vizuri," mzee akasema, na kwa sura ya dada ungedhani amepewa shamba.

Baadaye alinifuata nyuma ya pazia. Akachuchumaa kama siku ile. "Nisamehe, bibi. Nilikuvisha maneno yangu."

"Yalikuwa maneno mazuri, mjukuu wangu. Hayakunikaa tu. Kama kiatu cha mtu."

"Na kweli huhisi kitu?"

"Kweli."

Alitaka kusema kitu cha kunifariji, nikaona kinapanda, kikafika kooni. Akakimeza. Akanirekebishia kitambaa begani akaondoka. Huyo sasa alikuwa amefuzu.

Mkwe aliitwa jioni hiyohiyo. Aliingia wodini ameinama kama mtu anayepita mlango mfupi, ingawa mlango ulikuwa mrefu. Mama Komeo akamsimamisha kwenye sinki. Alinawa mpaka viwiko, akaambiwa arudie, akarudia. Alipovua shati nikageuza uso ukutani, nikasikia Mama Komeo anasema, "Haya makovu ni nini?"

"Cheche, sista. Za kuchomelea."

"Yamepona?"

"Yamepona."

"Kaa."

Wakanifungua. Mwenye mwanya akamtoa Ngumi kifuani kwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayebandua kitu kilichoanza kushika. Wakavuta shuka, nikajifunika. Kwa upande wa pili wa pazia nikasikia kiti cha mhasibu kinalia, maana walikileta kilekile, wameyafunga magurudumu kwa bandeji.  Halafu pumzi ya mwanamume anayejitahidi asilie ili asimtikise mtoto.

Ndipo nikasikia baridi.

Ilikuwa hapa, katikati ya kifua, mahali penye ukubwa wa kiganja cha mkono. Kwingine kote nilikuwa kama kawaida, sina habari. Lakini pale palikuwa na unyevu wa jasho lake na hewa ikapita juu yake, ikauma.

"Sista," nikamwita yule mwenye mwanya, "nifungie dirisha."

"Limefungwa, bibi."

Nikaweka mkono pale. Haukusaidia. Nilikaa na baridi ile, naitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Sikuwa nimesikia baridi wala joto tangu makaburini.

"Mkwe," nikaita kupitia pazia.

"Naam, mama."

"Ukichoka unirudishie."

"Sijachoka, mama. Ndiyo kwanza nimekaa."

"Najua umekaa sasa hivi. Nasema ukichoka."